Mtoto hatulii darasani? Uliza kwanza alianza lini

JE, msomaji, umewahi kupokea barua kutoka shuleni ikikuita ukamwone mwalimu wa darasa kwa sababu mtoto wako “hatulii”? Kama hujawahi, huenda jirani yako amewahi. Barua za namna hiyo ni nyingi, na mzazi anayeipokea hulala macho wazi usiku kucha akijiuliza ni wapi alipokosea katika malezi.

Hebu tumchukue mtoto mmoja wa mfano. Ni mvulana wa miaka tisa, na yuko gredi ya nne katika shule moja mashariki mwa jiji la Nairobi. Mwalimu wake anasema kwamba hamalizi kazi anayopewa. Macho yake yako dirishani badala ya ubaoni. Akiitwa jina, huitika mara ya tatu. Kila siku hupoteza kalamu au daftari. Mwenzake akiangusha kitabu, yeye huruka kama aliyechomwa sindano. Na karibu kila asubuhi, baada ya kipindi cha kwanza, huinuka bila ruhusa akitaka kutoka nje. Akizuiwa, huwapiga wenzake mateke.

Habari hizi zikifika nyumbani, ushauri humiminika kutoka kila upande. Baba husema mtoto amedekezwa na dawa yake ni fimbo, kwani samaki mkunje angali mbichi. Shangazi husema apelekwe akaombewe. Jirani aliyesikiliza kipindi cha afya redioni husema bila kusita: “Huyo ana ADHD, kuna vidonge vyake.” Mwalimu naye hushauri kwamba pengine afaa kutafutiwa shule ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Inawezekana kwamba mmoja wao amesema kweli. Lakini angalia, msomaji, kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza swali dogo ambalo daktari mzoefu huanza nalo: Mtoto huyu alianza hivi lini?

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Mara nyingi ndilo linalomtenga mtoto ambaye ubongo wake umekuwa hivyo tangu utotoni na mtoto ambaye kuna jambo lilimpata, likamjeruhi moyoni, na hakuna mtu mzima aliyeliona.

ADHD ni hali ya kweli

Kwanza tuondoe dhana moja potovu. Kuna wanaodai kwamba ADHD ni ugonjwa wa Wazungu, au kisingizio cha wazazi walioshindwa kuwarudi watoto wao. Sivyo. Ni hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kukaza makini, kutulia mahali pamoja na kujizuia kabla ya kutenda. Hupatikana katika kila taifa, na hukisiwa kuwapata takriban watoto watano katika kila mia. Hurithiwa sana katika familia, na haisababishwi na malezi mabaya.

Hata hivyo, daktari hawezi kuitambua kwa kumpima mtoto damu wala kwa kumpiga picha ya kichwa. Huitambua kwa kusikiliza historia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, unataka dalili ziwe zimedumu kwa angalau miezi sita, ziwe zilianza kuonekana kabla ya mtoto kutimiza miaka 12, na zionekane katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Aidha, mwongozo huo unamtaka daktari ahakikishe kwamba dalili hizo hazielezeki vyema zaidi na tatizo jingine la akili.

Sharti hilo la mwisho ndilo husahaulika kwa urahisi. Daktari aliye na foleni ndefu mlangoni na dakika kumi tu za kumwona kila mgonjwa hupewa orodha ya dalili: hatulii, hasikilizi, anasahau, analipuka. Orodha ikijaa, jina la ugonjwa hutolewa. Lakini orodha hiyo hiyo inaweza kujazwa na mtoto ambaye shida yake ni tofauti kabisa.

Aliyeumwa na nyoka

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Walisema kweli, na sayansi ya siku hizi imekuja kueleza sababu.

Binadamu anapokabiliwa na hatari, sehemu ndogo ndani ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele. Mwili hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi, misuli hukaza, na macho hutafuta pa kukimbilia. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupanga, kufikiri na kujizuia, huwekwa kando kwa muda. Huo si wakati wa kufikiri bali wa kujiokoa.

Hatari ikipita, kengele hunyamaza na mwili hurudi katika hali yake. Lakini kwa mtoto aliyepatwa na jambo la kutisha mno, au anayeishi katika vitisho siku nenda siku rudi, kengele hiyo hukataa kunyamaza. Hulia kwa jambo dogo: mlango uliobamizwa, sauti ya juu, harufu fulani, au mtu mzima anayesogea kwa haraka. Hali hii ndiyo wataalamu huiita kiwewe.

Sasa mkalishe mtoto huyo darasani umfundishe sehemu za desimali. Atawezaje? Mwalimu anaona mtoto asiyesikiliza, kumbe mtoto huyo anasikiliza kuliko wenzake wote, ila anasikiliza hatua za miguu nje ya mlango. Mwalimu anaona mtoto asiyetulia, kumbe mwili wa mtoto huyo uko tayari kukimbia. Mwalimu anaona mtoto anayesahau, kumbe kichwa chake kimejaa mambo anayojitahidi usiku na mchana asiyakumbuke.

Wapo pia watoto wa aina ya pili, ambao hawasumbui mtu. Hawa huzubaa. Jambo likiwatisha, mwili hubaki kwenye dawati na fikira zikaenda mbali. Mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba “huota mchana”. Mtoto mdogo zaidi anaweza kuacha kuzungumza, kukwepa kutazamana na watu, kukataa kushikwa au kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha. Huyo naye hudhaniwa ana usonji au akili nzito.

Yaliyoonekana ng’ambo

Mfano mkubwa ulitoka Romania. Utawala wa Nicolae Ceausescu ulipoangushwa Desemba 1989, ulimwengu uligundua kwamba zaidi ya watoto 100,000 walikuwa wakiishi katika nyumba za serikali za kulelea watoto. Wengi walilala vitandani kutwa nzima bila mtu wa kuwabeba, kucheza nao wala kuwasemesha. Baadhi yao walichukuliwa na familia za Uingereza, na kundi la wataalamu likiongozwa na Profesa Michael Rutter likawafuatilia watoto 165 kutoka Romania kwa miaka mingi.

Wataalamu hao waliona kwamba baadhi ya watoto waliokaa katika nyumba hizo kwa zaidi ya miezi sita walikuwa na tabia zinazofanana mno na usonji. Lakini tofauti na usonji wa kawaida, kwa wengi wao dalili hizo zilipungua walipopata wazazi wa kuwapenda. Wengine walikuwa na tatizo la kukosa makini na kutotulia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kwa baadhi yao tatizo hilo liliendelea hata utu uzimani. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba upendo unafuta kila kitu. Mtoto akinyimwa malezi mapema na kwa muda mrefu, ubongo wenyewe huathirika katika kukua kwake.

Nchini Marekani nako, daktari wa watoto Nicole Brown alipokuwa mafunzoni katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore alishangaa kuona wengi wa watoto aliowahudumia wakiwa wamesemekana kuwa na ADHD, ilhali walitoka katika mitaa yenye umaskini na fujo. Mwaka 2014 alitoa matokeo ya uchunguzi wa takwimu za watoto wapatao 65,000 wa nchi hiyo. Alipata kwamba waliotajwa kuwa na ADHD walikuwa wamepitia umaskini, talaka, ukatili na ulevi nyumbani kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Hilo halimaanishi kwamba wote hao hawakuwa na ADHD. Linamaanisha kwamba aliyemtibu mtoto bila kuuliza habari za nyumbani aliona nusu ya mtoto tu.

Na hapa kwetu?

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya ng’ambo. Taifa letu limepitia mengi, na kila mara watoto wamekuwapo wakitazama.

Mnamo Agosti 7, 1998, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na watu 213 wakauawa. Miezi kadhaa baadaye, watafiti waliowahoji watoto wa shule jijini walikuta bado kuna walioandamwa na dalili za kiwewe. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Wengi walikuwa na watoto migongoni, na watoto hao baadaye waliandikishwa katika shule mpya ambako mwalimu hakujua walikotoka wala walichokiona.

Lakini mengi ya yanayowajeruhi watoto hayaandikwi magazetini. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kwamba miongoni mwa vijana wa miaka 18 hadi 24, asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume walikuwa wamepigwa au kujeruhiwa kabla ya kufikia miaka 18. Asilimia 32 ya wanawake na 18 ya wanaume walikuwa wamedhulumiwa kimapenzi wakiwa watoto. Uchunguzi kama huo uliporudiwa mwaka 2019, hali ilionekana kuwa nafuu, ingawa bado karibu nusu ya wanawake na zaidi ya nusu ya wanaume walisema walipitia ukatili wa namna moja au nyingine utotoni.

Ongeza hapo moto unaoteketeza nyumba za mabati usiku, kubomolewa kwa makazi, majambazi wanaovamia, ajali za barabarani, na kifo cha mzazi ambacho mtoto anaambiwa tu kwamba “mama amesafiri”. Na usisahau nyumba ambamo baba na mama hupigana. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Mzazi hujifariji kwamba mtoto alikuwa amelala. Nyumba ya chumba kimoja iliyogawanywa kwa pazia haina mtoto anayelala wakati mama yake anapigwa.

Maswali ya kujiuliza

Basi mzazi afanye nini barua ya shule inapofika? Kabla ya kuchukua fimbo au kukimbilia duka la dawa, kaa chini na kalamu na karatasi, ujibu maswali haya.

Kwanza, alianza lini? Chukua ripoti zake za shule za miaka iliyopita uzisome. Mtoto mwenye ADHD kwa kawaida huwa na malalamiko yale yale tangu chekechea. Ikiwa ripoti zilikuwa nzuri hadi muhula fulani kisha zikaporomoka, tafuta kilichotokea karibu na muhula huo.

Pili, huwa hivyo wapi na saa ngapi? ADHD humfuata mtoto kila mahali, ingawa hupungua anapofanya jambo analolipenda. Kiwewe mara nyingi kina vichocheo vyake. Kama mtoto hulipuka saa fulani, mahali fulani, au mbele ya mtu fulani, usipuuze. Na kama ni mtu fulani, chunguza mara mbili.

Tatu, usingizi wake ukoje? Ndoto za kutisha, kupiga mayowe usiku, kuogopa giza kwa ghafla na kukataa kulala peke yake huashiria hofu zaidi ya utundu.

Nne, anacheza michezo gani? Mtoto mdogo hana maneno ya kueleza yaliyomsibu, kwa hivyo huyacheza. Akirudia mchezo mmoja wa kifo, wa moto au wa kupigana tena na tena bila kuonyesha furaha, anakusimulia habari.

Tano, ni mwoga kuliko alivyokuwa? Anakwepa njia, nyumba au jamaa aliyempenda zamani? Anashtuka upesi?

Majibu haya hayakufanyi daktari. Kuna watoto walioteswa tangu wakiwa wachanga, na kwao swali la “lini” halina jibu, kwa sababu hakuna siku iliyokuwa njema kabla yake. Kuna pia wenye ADHD na kiwewe kwa pamoja, kwa kuwa mtoto mtukutu hupigwa zaidi kuliko mtoto mtulivu. Hata hivyo, ukifika kwa daktari na karatasi hiyo mkononi, utakuwa umempa jambo ambalo hakuna mashine ingempa.

Mwombe daktari pia achunguze mambo ya mwili. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Asiyeona ubao huonekana mvivu. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki bali huzubaa kwa sekunde chache tu. Malaria kali iliyopanda kichwani inaweza kuacha matatizo ya kumbukumbu na makini. Njaa na upungufu wa damu navyo humfanya mtoto ashindwe kusoma.

Hasara ya kukosea

Huenda ukauliza: kuna ubaya gani tukikosea jina, mradi mtoto anahudumiwa?

Ubaya ni mkubwa. Dawa zinazotumika sana kutibu ADHD, kama vile methilfenideti, huwasaidia wengi walio na tatizo hilo, lakini zinaweza kupunguza usingizi na hamu ya chakula. Mtoto ambaye tayari halali kwa hofu hana usingizi wa kupunguza. Tena, dawa haiondoi kilichomtia hofu. Ikiwa anadhulumiwa na mtu wa nyumbani, vidonge vitamfanya atulie kitini huku akirudishwa kila jioni kwa anayemuumiza.

Kosa la upande wa pili nalo lipo. Mtoto mwenye ADHD au usonji wa kweli akidhaniwa kuwa na kiwewe, wazazi watashukiwa bure na yeye atakosa msaada unaomstahili. Kwa hiyo, ikiwa mwanao tayari anatumia dawa aliyoandikiwa na daktari, usiikatishe kwa sababu ya kusoma makala haya. Rudi kwa daktari umweleze unayoyashuku.

Fimbo nayo? Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, na Katiba ya mwaka 2010 inamlinda kila mtu, mkubwa kwa mdogo, dhidi ya adhabu ya kupigwa. Lakini hata tukiacha sheria kando, fikiria tu: mtoto ambaye kengele ya hofu inalia kichwani mwake usiku na mchana, ukimchapa, kengele hiyo itanyamaza au itazidi?

Kuna tiba

Habari njema ni kwamba kiwewe cha mtoto hutibika, na si lazima kwa fedha nyingi.

Jambo la kwanza ni usalama. Hakuna ushauri nasaha unaoweza kumponya mtoto ambaye bado anaumizwa. Akiwa hatarini, muondoe hatarini kwanza. Simu ya bila malipo ya kuwasaidia watoto, nambari 116, hupokelewa usiku na mchana, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Afisa wa watoto wa eneo lako na polisi wana wajibu wa kuchukua hatua.

La pili ni utaratibu wa kila siku. Kula kwa wakati, kulala kwa wakati, na kuambiwa mapema kitakachotokea kesho. Mambo haya huonekana madogo, lakini kwa mtoto ambaye dunia yake ilipinduka ghafla, ndiyo yanayomfundisha kwamba dunia imesimama tena.

La tatu ni maneno. Wazazi wengi hunyamaza wakidhani kwamba mtoto asipokumbushwa atasahau. Hasahau. Anachojifunza ni kwamba jambo hilo ni baya kiasi cha kutotajika. Mwambie kwa maneno mepesi: “Ninajua ulichokiona kilikutisha. Halikuwa kosa lako. Niko hapa.” Kisha usimlazimishe aseme. Akiwa tayari, atasema, pengine mkiwa mnachambua mboga au mkitembea kwenda dukani.

Kwa mtoto aliyeumia zaidi, kuna tiba ya mazungumzo ambamo hufundishwa namna ya kutuliza mwili wake, kisha polepole husimulia yaliyompata hadi yanapoacha kumtawala. Tiba hii ilijaribiwa huku huku kwetu, Bungoma, pamoja na Moshi nchini Tanzania, miongoni mwa watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na waliokuwa na dalili za kiwewe. Walioitoa hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, wakikutana na watoto kwa makundi mara 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Bungoma, mjini na mashambani, watoto waliopata tiba hiyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida, na hata mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ikionekana.

Mzazi anaweza kuanzia kwa mshauri nasaha wa shule au hospitali ya kaunti, ambako ataelekezwa kwa mwanasaikolojia au daktari wa akili za watoto. Kuna pia vituo vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vijulikanavyo kama EARC, ambavyo vilianzishwa nchini mwaka 1984. Mwombe anayempima aulize habari za nyumbani, na usimfiche. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Turudi kwa yule mvulana

Tulimwacha mvulana wetu darasani, macho dirishani. Tuseme mama yake ametoa ripoti za zamani kabatini. Za gredi ya tatu zote zinamsifu. Ya muhula wa kwanza wa gredi ya nne pia haina lawama. Malalamiko yanaanza muhula wa pili.

Mama anahesabu kwa vidole. Katika likizo ya Aprili ploti yao ilishika moto usiku. Walitoka wakiwa na nguo za kulalia tu, na mtoto huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kunusa moshi. Kesho yake majirani walikuja kuwapa pole, na kila mmoja alisema maneno yale yale: “Mshukuruni Mungu, hakuna aliyeumia.” Mama naye aliyasema. Waliyasema mara nyingi hata wakayaamini.

Anaporudi shuleni kumweleza mwalimu, mwalimu ananyamaza kidogo, kisha anamwonyesha mama dirisha lile. Upande wa pili wa ua liko jiko la shule. Kila asubuhi, kipindi cha kwanza kinapokwisha, mpishi huwasha kuni za githeri na moshi huingia darasani.

Mtoto huyo hakuwa akitafuta utundu. Alikuwa akitaka kuwatoa wenzake nje.

Hatua ya kwanza hapo haihitaji hata senti moja: dawati lisogezwe karibu na mlango, na mtoto aruhusiwe kwenda kumwamkua mpishi moto unapowashwa, aone kwa macho yake kwamba uko jikoni na hauendi kokote, kisha arudi kuketi. Kumwona mshauri nasaha kutafuata, na huenda kupona kukachukua miezi. Lakini sasa anatibiwa kinachomuuma.

Basi, msomaji, barua ya shule ikifika kwako, usiikunje kwa hasira. Toa ripoti za zamani, uzisome moja baada ya nyingine, ujiulize alianza lini. Kisha mwite mwanao, kaa naye, umuulize kwa upole. Na akinyamaza, kaa naye hivyo hivyo.